Daftari la jikoni lifuate pakiti, si sahani

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya ushauri wa lishe unaotolewa kwetu sisi wakazi wa Mtwara na Lindi. Ushauri huo kwa sehemu kubwa ni sahihi na sina ugomvi nao. Tatizo ni kwamba unatufikia ukiwa umetungwa kwa ajili ya nyumba nyingine, ambayo kila mtu ana sahani yake, jikoni kuna mizani, na mlaji anakumbuka jana alikula nini na kiasi gani.

Anayepimwa akakutwa na shinikizo la juu la damu, au sukari iliyopanda, kwa kawaida hutoka kliniki na orodha ya marufuku: aache chumvi, aache sukari, apunguze wanga, asiguse mafuta. Anafika nyumbani, anamweleza mama watoto, na jioni hiyohiyo mchuzi unapikwa bila chumvi. Watoto wanasusa, wageni wanatazamana, na baada ya siku chache chumvi inarudi, safari hii ikiwa kwenye kopo pembeni ya sinia, ambapo kila mmoja anajinyunyizia apendavyo. Nimeliona jambo hilo katika nyumba nyingi za majirani zangu hapa Chikongola hata silishangai tena. Mgonjwa huhesabiwa kuwa ni mkaidi, ilhali kilichoshindikana ni amri iliyotaka mambo manne yabadilike kwa usiku mmoja.

Wala tatizo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, uliowahusu watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kwamba takriban asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu na asilimia 9 hivi walikuwa na kisukari. Hiyo ilikuwa zamani kidogo, kabla bodaboda hazijatupunguzia kutembea kwa kiasi hiki tunachokiona leo.

Njia ninayoitetea ni ya polepole: nyumba ianze kuandika kile inachokula, kisha ibadili jambo moja dogo kwa wakati mmoja. Nimekuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwa hiyo huenda naipenda kalamu kupita kiasi. Lakini hebu tumtazame mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala. Bila kutafuta karatasi atakueleza msimu uliopita alipeleka kilo ngapi ghalani, zilipangwa daraja gani, na mnada upi ulimlipa vizuri. Muulize mtu huyohuyo nyumba yake inamaliza kilo ngapi za sukari kwa mwezi, atakujibu, "Kiasi tu." Korosho ina stakabadhi, sukari haina.

Kwamba makadirio ya kichwani hayatoshi ni jambo lililokwisha kupimwa. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya kundi dogo la watu wanene waliodai kwamba hawapungui ingawa wanakula kidogo; walipopimwa kwa njia za maabara ilionekana kuwa walikuwa wakitaja karibu nusu tu ya nishati waliyokuwa wakila kweli. Huenda hawakuwa waongo, walikadiria vibaya tu. Mwaka 2008, tena huko Marekani, utafiti uliohusisha watu karibu 1,700 ulionesha kwamba walioandika chakula chao siku sita kwa wiki walipunguza uzito takriban mara mbili ya wale walioandika siku moja au wasioandika kabisa. Na kabla ya hapo, mwaka 2002, yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari, uliokuwa na watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijafikia ugonjwa. Waliosaidiwa kupunguza uzito kwa lengo la asilimia 7 na kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki, huku wakiweka kumbukumbu ya wanachokula, walipata kisukari kwa kiwango cha chini kwa asilimia 58 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Waliomeza metformin, dawa ya kisukari ambayo wagonjwa wetu wengi wanaijua kwa jina, walipata nafuu ya asilimia 31. Asilimia 7 ya mtu mwenye kilo 80 haifiki hata kilo sita. Huo si mwili wa kwenye matangazo ya dawa za kupunguza tumbo kwa siku saba, ambazo siku hizi zinauzwa hadi stendi, lakini ndio mwili uliowakinga watu na kisukari.

Sasa tuje kwetu. Wanaotushauri tuandike chakula hudhani kwamba mlaji ana kipimo chake peke yake, na programu za simu ndivyo zinavyouliza: umekula gramu ngapi? Baba anayekula ugali wa muhogo kwa kibua cha nazi kwenye sinia pamoja na wanawe wanne na mpwa wake aliyetoka Nanyamba hawezi kulijibu swali hilo, na akijaribu atabuni. Matonge hayahesabiwi, na mtu akianza kuyahesabu mbele ya wenzake ataonekana ana choyo. Kwa nyumba kama hizo, ambazo ndizo nyingi, ninapendekeza daftari liache sahani lifuate pakiti, kopo na chupa, yaani vile vinavyoingia jikoni na siku vinapokwisha.

Hesabu yake ni nyepesi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote kwa pamoja. Nyumba ya watu wazima sita haipaswi kupita gramu 30 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo inapaswa kudumu siku 16 au 17. Ukiongeza kwamba chumvi nyingine huingia kupitia ng'onda (samaki wa kukaushwa), mkate, chipsi za barabarani na vile viungo vya mchemraba ambavyo siku hizi hakuna mchuzi usiotiwa, pakiti hiyo ingefaa ikaribie wiki tatu. Kinachotakiwa ni kuchukua kalamu na kuandika tarehe juu ya pakiti siku inapofunguliwa, basi. Ikiisha siku ya kumi, nyumba imepata jibu lake bila mtu kuhesabiwa matonge. Niongeze hapa kwamba kupunguza chumvi kusimfanye mtu ahamie kwenye chumvi ya kupima isiyotiwa madini joto. Mwambao wetu una mashamba mengi ya chumvi, na bei ya ile ya kupima inavutia, lakini madini joto tunayahitaji, hasa mama wajawazito na watoto.

Sukari ina hesabu mbili. Shirika hilohilo linasema sukari inayoongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, hizo ni gramu 50 na gramu 25. Nyumba yetu ya watu sita ikimaliza kilo moja kwa siku tatu imevuka mpaka, na ikiifikisha wiki nzima imekaribia kile kiwango bora, kwa sharti kwamba soda hazihesabiwi pembeni. Soda moja ya chupa ya kawaida inaweza kuwa na gramu 30 na zaidi. Najua kwamba nyumba nyingi hazinunui kilo, zinanunua robo kwenye duka la mtaani asubuhi na robo nyingine jioni. Hao wana urahisi zaidi: kila robo iwe mstari mmoja wa mkaa ukutani, na mistari minne ni kilo.

Kwetu sisi daftari ni la shule, limetobolewa pembeni, limefungwa kamba na kutundikwa kwenye msumari karibu na kabati la vyombo. Kila mstari una siku, kitu na kiasi, kama vile: "Jumatatu. Sukari kilo 1, imefunguliwa. Mafuta, imebaki robo lita. Wageni wa Masasi." Neno "wageni" mke wangu huliandika kwa wino mwekundu, kwani hakubali kabisa jikoni kwake kubebeshwe kilo iliyonywewa na ndugu zangu. Nadhani ana haki. Daftari la namna hii halifai kuwa la mwanamume kumkagua mkewe. Likigeuka hivyo litafichwa au litaandikwa uongo, na kwa hakika mwenye kuandika awe yule anayeshika mwiko.

Mabadiliko yenyewe yaanze baada ya daftari kusema kitu, na yaanze padogo kiasi cha kuchekesha. Chukua chai. Mtu anayetia vijiko vitatu kwenye kikombe na kunywa vikombe vitatu kwa siku amekunywa vijiko tisa, na kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi, nacho nani husawazisha? Hizo ni gramu 36 kabla ya andazi wala soda. Akiambiwa aache sukari atakunywa siku mbili akiwa amenuna. Akiambiwa atie viwili na nusu, hatanuna. Akikaa hapo mpaka ulimi uzoee, ndipo ashuke hadi viwili, na kuendelea. Ulimi huzoea kweli. Mtu aliyeshuka polepole kwa miezi kadhaa akipewa chai ya zamani huirudisha. Kwa chumvi ni vivyo hivyo, na kwa nazi pia: mpishi anayekamua nazi mbili kwa mboga moja anaweza kubaki na moja, akategemea zaidi tui la pili na kulibakiza lile zito kwa ajili ya Ijumaa. Kwa mafuta ya kupikia ni vema kukumbuka kwamba gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali ya wanga ina 4 tu, ndiyo maana muhogo wa kuchemsha na muhogo wa kukaanga si chakula kimoja hata kama vimetoka shimo moja.

Wapo wanaoahidi kwamba tabia mpya hushika kwa siku 21. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujijengea tabia moja ndogo ya kila siku, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionesha kwamba kwa wastani iliwachukua siku 66, na kwamba kutoka mtu hadi mtu tofauti ilikuwa kati ya siku 18 na siku 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la mwisho lingepaswa kubandikwa kwenye kila kliniki, kwa kuwa watu wengi wakila pilau la harusi hujiona wamevunja mfungo, wakaacha yote.

Jambo jingine ambalo orodha za marufuku hazisemi ni kwamba daftari huonesha pia kinachokosekana. Kusini hatuna shida ya kula kupita kiasi peke yake. Tuna nyumba ambazo mtu mzima ana uzito mkubwa na mtoto amedumaa, na wote wamekula chungu kimoja. Ukiandika wiki mbili utaona siku zilizopita bila jani wala tunda. Kiwango kinachoshauriwa ni angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, nasi hatuhitaji kuvinunua vyote. Kisamvu, matembele na majani ya kunde viko nyuma ya nyumba. Mbaazi, ambazo mikoa hii miwili huzalisha kwa wingi, zina protini takriban gramu 20 kwa kila gramu 100 kavu, lakini tunazijaza kwenye magunia zikauzwe nje kisha jioni tunakula sembe kwa mchuzi mwepesi wa nyanya. Mabibo ndiyo yanayonisikitisha zaidi. Juisi ya bibo ina vitamini C nyingi kuliko ya chungwa, na msimu ukifika yanaoza chini ya mikorosho au yanageuka uraka, pombe ya mabibo. Mwenye kubanguliwa korosho zake naye ajue kwamba kiganja kimoja, kama gramu 30, kinafika kilokalori 170. Ni chakula kizuri mno, lakini ni chakula, si kitu cha kutafuna huku ukisubiri chakula.

Neno korosho limenikumbusha msimu. Fedha za minada zinapoingia, kati ya Oktoba na mwanzoni mwa mwaka, kreti za soda huingia ndani, chipsi mayai huwa chakula cha jioni, na anayetembea kwa miguu hadi shambani hukodi bodaboda. Miezi michache baadaye mifuko ni mitupu na nyumba inakula makopa, mihogo mikavu. Kwa hiyo anayelinganisha wiki na wiki atadanganyika. Alinganishe msimu na msimu uliopita, na mwezi wa Ramadhani auandikie ukurasa wake, maana futari ya tambi, uji wa sukari na mihogo ya nazi haina kifani katika miezi mingine. Kwa kipimo cha mwili hahitaji mizani. Futi ya fundi cherehani inatosha, ikipitishwa kiunoni mara moja kwa mwezi: mwanamume aliyevuka sentimita 94 na mwanamke aliyevuka 80 wameingia katika eneo la tahadhari. Vijana wetu wa ghalani hupanda juu ya mizani ya magunia na kusomeana uzito kwa kelele, jambo ambalo nimelikataza mara kadhaa bila mafanikio, na sasa nadhani niliache.

Yapo mambo ambayo hayafai kuachiwa daftari. Mgonjwa wa kisukari anayetumia vidonge au sindano ya insulini asikate wanga kwa ghafla bila kumweleza daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka hadi kumhatarisha. Presha iliyoshuka kwa dawa isimfanye mtu aache dawa. Watoto wanaokua, wajawazito, wanaonyonyesha na wale waliokonda hawahusiki na hesabu za kupunguza. Kwao daftari litumike kuongeza.

Sasa nieleze ninachokuomba, Mhariri. Mwaka 2008 yalitolewa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard. Ni kazi nzuri, ina vyakula vyetu, lakini imeandikwa kwa Kiingereza na kila kitu kimepimwa kwa gramu 100. Mama anayeuza choroko sokoni anapima kwa kopo. Mama lishe wa Feri anapima kwa upawa, na mnunuzi wa mafuta dukani anapima kwa kichupa. Ukurasa wako wa afya, ambao mara nyingi hutuletea brokoli, shayiri na mtindi wa Kigiriki, ungeweza kuyachukua majedwali hayo na kila juma kutugeuzia chakula kimoja tu kwa vipimo vya kopo, upawa na kijiko: ming'oko (viazi vya porini) iliyochemshwa, ugali wa muhogo, pweza, kisamvu cha karanga, kitumbua. Wataalamu wa lishe wapo katika kila halmashauri, nao naamini wangefurahi kuombwa wahakiki hesabu kabla hazijachapishwa.

Na kwa wahudumu wa kliniki za presha na kisukari, nao ni wasomaji wako, ombi langu ni kwamba kabla ya kumkabidhi mtu orodha ya marufuku, wamwambie aje siku nyingine na daftari la jikoni, kisha wachague naye jambo moja la kuanza nalo. Dakika zinazohitajika ni chache, na wagonjwa wengi hungoja foleni kwa muda mrefu kuliko huo.

Mkianza na mbaazi za nazi, tafadhali mtuandikie ni nazi ngapi kwa kilo moja, kwa sababu hapa kwetu jambo hilo lina ubishi.

Wako msomaji,
Karani mstaafu wa ushirika,
Chikongola, Mtwara.